Paini Inayolia na Paini Iliyonyamaza: Kutafuta Chanzo cha Utomvu, Unga na Vitundu

Simu yangu imejaa picha za mashina ya miti. Wanaozituma wako Tabata, Mbezi na Kigamboni, lakini miti yenyewe iko Mufindi, Kilolo na Njombe, zaidi ya kilomita 500 kutoka jijini Dar. Mwangalizi wa shamba anapiga picha, anaandika, "Bosi, miti inalia." Bosi roho inamruka, picha ananisukumia mimi. Nilisomea misitu kabla sijaingia kwenye biashara ya mbao Buguruni, kwa hiyo maswali yananifikia mara mbili: mti ukiwa bado umesimama, na ukishakuwa ubao unaomnata mteja kiganjani.

Picha nyingi ninazotumiwa ni za miti isiyo na tatizo kubwa. Zile ambazo zingenitisha hazitumwi, kwa sababu hazina cha kuonyesha: shina kavu, safi, na unga kidogo chini kwenye mizizi. Utomvu ndiyo silaha ya paini. Mti unaoutoa bado unapigana. Ukinyamaza, hapo ndipo pa kuwahi.

Maelezo haya nimeyapanga kwa dalili, yaani kile unachokiona wewe au kijana wako wa shamba. Ndani ya kila dalili naanza na sababu inayotokea mara nyingi, namalizia na ile adimu.

Kabla ya yote: je, ni paini kweli?

Hili limenipotezea jioni nyingi. Ile miti mirefu ya Coco Beach na Kigamboni, yenye majani kama nywele, ambayo watu wengi wa Dar huiita paini, ni mivinje. Wala si ukoo mmoja. Chuma kijani kimoja ukivute: kikiachana vipande vipande kama pingili, huo ni mvinje. Paini ina sindano zilizoshikana pamoja kwenye kitako kimoja. Patula, aina ya paini iliyojaa Nyanda za Juu Kusini, mara nyingi hubeba tatu tatu, ndefu na zilizolegea kuelekea chini. Mvinje hauna mifereji ya utomvu ninayoizungumzia hapa. Kama wako ndio unaougua, yafuatayo hayakuhusu.

Dalili ya 1: Shina limetoa madonge ya utomvu

Ndani ya gome na mbao ya paini kuna mtandao wa mirija myembamba. Mingine inapanda sambamba na shina, mingine inakatiza kutoka ndani kuja gomeni. Yote imejaa utomvu uliobanwa, ndiyo maana ukichanja popote unatoka wenyewe, kama maji kwenye bomba lililotobolewa. Mdudu anayetoboa gome anakutana na huo mkondo usoni: unamsukuma nje, unamnata, unamzamisha.

Utomvu wenyewe ni vitu viwili vilivyoyeyuka pamoja. Kuna sehemu nyepesi, zile tapini ndogo zinazopaa hewani: alfa-pinini, beta-pinini, limonini na wenzake. Hizo ndizo harufu ya paini, na zikizidi ni sumu kwa mdudu, kwa mayai yake na kwa kuvu anazozibeba. Kisha kuna sehemu nzito, asidi za utomvu kama asidi ya abieti. Nyepesi ikishapaa, nzito inaganda na kuziba kidonda. Kiwandani hutenganishwa: nyepesi inakuwa tapentaini, nzito inakuwa rosini. Fundi simu wa Kariakoo anapochovya ncha ya pasi yake kwenye kile kidonge cha rangi ya asali kinachofuka moshi, anachoma asidi hizohizo za mti. Na kama uliwahi kutega ndege kwa ulimbo utotoni, nusu ya somo unaijua tayari.

Sababu, kuanzia inayotokea zaidi:

1. Kupogoa na panga. Donge liko pale tawi lilipokatwa, au kwenye mchanjo. Ni jeupe au la rangi ya asali, safi, halina vumbi. Acha lilivyo. Usilikwangue, usipake rangi, na tafadhali usipake oili chafu. Mti umeshajifunga bandeji.

2. Nyani na tumbili. Gome limebanduliwa kwa vipande virefu, mara nyingi juu ambako mtu hafiki, na utomvu unachuruzika chini yake. Dawa hapa ni ulinzi wa shamba. Dawa ya wadudu haimhusu nyani.

3. Moto wa kiangazi. Upande mmoja wa shina, chini, gome limekuwa jeusi. Moto ukizunguka shina lote na kupika tabaka la ndani ya gome, mti unaweza kubaki kijani kwa muda na bado ukawa umekwisha.

4. Mvua ya mawe. Vidonda vidogo vingi, vyote upande mmoja wa matawi na machipukizi. Angalia vilele wiki zinazofuata, kwa sababu kuvu iitwayo Diplodia sapinea hupenda kuingia kwenye majeraha ya namna hii na kuua ncha.

5. Watu. Michanjo iliyopangwa vizuri, na chombo au alama ya msumari chini yake. Huo ni ugemaji wa utomvu. Ni biashara halali panapokuwa na makubaliano. Kama wewe hukukubaliana na mtu, basi shamba lako linakamuliwa usiku na tatizo lako linahusu serikali ya kijiji.

6. Bungua wa gome, mdudu mdogo anayetoboa gome na kuishi chini yake. Donge lina rangi ya waridi au wekundu wa matofali kwa sababu limechanganyika na vumbi la gome. Ni la ukubwa wa bisi, na katikati lina tundu. Ukilipasua unaweza kumkuta mwenyewe ndani, amekufa, mdogo kama punje ya mchele.

Mbona huyu wa mwisho nimemweka mkiani, wakati mtandaoni ndiye anayetajwa kwanza? Kwa sababu habari nyingi unazosoma zimetoka Amerika Kaskazini, kwao akina Dendroctonus, jina lenye maana ya "muuaji wa miti". Paini hazina asili ya Tanzania. Patula ililetwa, kwao ni Meksiko, na hao wauaji wakubwa hawakuja nayo. Lakini mlango haukufungwa milele. Orthotomicus erosus, bungua mdogo wa nchi za Mediterania, alishahamia Afrika Kusini. Nyigu wa mbao, Sirex noctilio, aligunduliwa huko huko mwaka 1994. Kwa hiyo unapoona donge lenye tundu, usipige kelele, ila usilipuuze.

Kipimo cha kwanza ni macho. Mwambie kijana azunguke mti mzima, ahesabu madonge, apige picha ya donge moja karibu kabisa akiwa ameweka sarafu pembeni. Picha ya mti mzima iliyopigwa kutoka barabarani haisaidii mtu.

Kipimo cha pili ni dirisha. Kwenye donge moja tu lenye tundu, bandua kipande cha gome kisichozidi kiganja. Hapa ndipo utajiri wa jambo hili ulipo, kwa sababu paini ina safu mbili za ulinzi na ya pili haionekani kwa nje. Mkondo wa utomvu ni ile ya kwanza, iliyokuwapo kabla ya vita. Ya pili hutengenezwa adui akishaingia. Tishu zinazozunguka tundu hujiua zenyewe kwa makusudi, ili mdudu na kuvu wazungukwe na nyama iliyokufa isiyo na chakula. Kisha mti unapitisha taarifa kwa kemikali zake za ndani, jasmoneti ikiwa mojawapo, na kiwango cha tapini mahali pale hupanda mara nyingi kuliko kwenye gome zima. Fenoli nazo huingia kazini, ile jamii ya kemikali chungu zinazokwaza kuvu.

Kwa hiyo ukifungua dirisha utaona moja kati ya mambo mawili. Ukikuta doa la kahawia iliyokolea, limeloa utomvu, lina umbo la yai, na ndani yake kijinjia kifupi kilichokatika, mti umeshinda. Funika ukaendelee na shughuli zako. Ukikuta njia ndefu zenye vijichongo vya mayai pembeni, au mabuu meupe, na gome la ndani limekuwa kavu bila hilo doa, mti umeshindwa. Hapo acha kubandua. Usiendelee na mti wa pili na wa tatu kwa udadisi: kila dirisha ni jeraha. Mwite afisa misitu wa wilaya.

Dalili ya 2: Kuna unga chini ya mti, utomvu hakuna

Hii ndiyo ile picha isiyotumwa. Anza na rangi ya unga. Wa kahawia nyekundu umetoka kwenye gome, maana yake mdudu yuko juu juu. Mweupe au wa krimu umetoka ndani ya mbao. Kama ni udongo ulionata kwenye shina kama kibomba, huo si unga, ni mchwa. Piga teke kidogo utawaona.

Sababu ya kawaida kabisa: mti ulishakufa zamani kwa jambo jingine, na wadudu wamekuja mazishini. Bungua wengi ni wala mizoga tu, wanapenda magogo na miti iliyoanguka. Kata kijitawi cha chini, ukwangue ganda lake. Kikiwa kikavu na cha kahawia mpaka ndani, unachunguza maiti.

Ya pili ni kiu. Watu wengi hudhani ukame wowote unadhoofisha utomvu, na hapo hukosea. Paini inatengeneza utomvu kwa sukari yake. Maji yakiwa tele, sukari inakwenda kwenye kukua. Maji yakipungua kidogo, kukua kunasimama kwanza lakini sukari bado inatengenezwa, kwa hiyo ya ziada inaingia kwenye utomvu. Mti wenye kiu ya wastani unaweza kuwa mkali kuliko ulioshiba. Lakini kiu ikizidi, sindano hufunga vitundu vyake vya kupumulia, sukari haitengenezwi tena, na maji yanayoipa mirija msukumo nayo yamekwisha. Mti unabaki na bastola isiyo na risasi. Kule Mufindi mvua hukatika kabla ya Juni na kurudi karibu na Novemba, hivyo shamba lililopandwa kwenye udongo wa mawe au kichuguu huonyesha hali hii Septemba na Oktoba.

Kuna kipimo rahisi ambacho wanamisitu hukifanya kwa vifaa, nawe unaweza kukifanya kwa patasi. Chagua miti mitano unayoitilia shaka na mitano ya mbali yenye afya. Alfajiri, kabla jua halijapanda na mti ukiwa umeshiba maji ya usiku, toboa tundu moja la upana wa sentimita 1 kwenye usawa wa kifua, upite gome tu mpaka uguse mbao. Rudi kesho yake saa ileile. Linganisha makundi mawili. Usihukumu mti mmoja peke yake. Hata ndugu wa damu moja hawalingani utomvu. Kama mitano ya shaka yote ni mikavu na mitano ya mbali inatiririka, tatizo ni la kweli.

Ya tatu ni msongamano. Shamba lililopandwa kwa mita 3 kwa 3 lina miti 1,111 kwa hekta. Wengi hubana mita 2.5 kwa 2.5, inakuwa 1,600, halafu hawapunguzii, yaani hawakati mingine ili inayobaki ipate nafasi, kwa sababu kila mti wanauhesabu kama noti benki. Mizizi inagombania maji yaleyale, vivuli vinabanana, na kila mti unabaki na sukari ya kujikimu tu. Nimemwambia mzee mmoja wa Tegeta jambo hili mara nne. Bado anahesabu noti.

Ya nne na ya mwisho: mti ulikuwa na utomvu ila ukamalizwa kwa wingi wa adui. Hii inastahili dalili yake yenyewe, nitaifikia.

Acha na uite mtaalamu: unga mwekundu kwenye mti wenye sindano za kijani, zaidi ya mti mmoja, bila madonge. Usingoje mwisho wa mwezi.

Dalili ya 3: Sindano zimegeuka rangi

Nitapita haraka, kwa kuwa mara nyingi si bungua.

Njano ya ndani, karibu na shina, huku ncha zikiwa kijani: sindano za zamani zinastaafu. Ni kawaida.

Manyoya meupe kama pamba kwenye vichipukizi, na ukuaji uliodumaa: vidukari wa paini, Pineus, wageni waliokwishakaa Afrika Mashariki kwa miongo mingi. Madoa mekundu yanayokata sindano kwa pete: kuvu ya Dothistroma, ile iliyofanya paini aina ya radiata iachwe kupandwa katika nchi zetu. Mti mzima kunyauka kutokea kileleni, na chini ya gome la shina kuna utando mweupe unaonuka uyoga: kuvu ya mizizi.

Kuhusu bungua, jambo moja tu la kushika: rangi huchelewa. Kule British Columbia nchini Kanada, mti uliouawa na bungua wa milimani, Dendroctonus ponderosae, hubaki kijani karibu mwaka mzima, huwa mwekundu kiangazi kinachofuata, kisha kijivu. Mwenye shamba anayesubiri wekundu anasoma gazeti la mwaka jana. Wadudu wameshahama. Kwa hiyo ukiona mti mwekundu, usiukague huo. Kagua majirani zake wa kijani.

Dalili ya 4: Jana mti mmoja, leo kumi, na imekaa kwa kikundi

Kufa kwa kikundi kuna sababu nne, na tatu za kwanza ni za ardhini: maji yaliyotuama, moto uliopita chini, na kuvu ya mizizi inayotambaa kutoka kisiki cha mti wa kienyeji uliokatwa. Chimba mizizi ya mti mmoja ulio ukingoni mwa kikundi kabla hujamlaumu mdudu.

Ya nne ni uvamizi wa pamoja, na hapa kemia inakuwa na usaliti wa ajabu. Chukua huyo wa Kanada. Jike la kwanza linatua, linatafuna gome, linavuta alfa-pinini, ileile iliyokusudiwa kumuua. Mwilini mwake vimeng'enya vinaigeuza kuwa vabenoli, ambayo ni feromoni, yaani harufu ya kuita wenzake. Mti unapoongeza silaha, unaongeza malighafi ya tarumbeta ya adui. Tapini nyingine, mirsini, nayo inaupa wito huo nguvu. Wanakuja mamia kwa siku chache, kila mmoja akifungua bomba lake, mpaka msukumo unaisha. Kwa paini aina ya Pinus contorta watafiti walikadiria kizingiti kuwa karibu mashambulizi 40 kwa kila mita ya mraba ya gome: chini ya hapo mti hushinda kwa kawaida, juu yake hufa. Ndiyo maana bungua wachache hula miti dhaifu tu, lakini wakishakuwa wengi huangusha hata minene yenye afya. Kule British Columbia wimbi lililoanza miaka ya 1990 liligusa zaidi ya hekta milioni 18.

Shina likishajaa, feromoni nyingine, vabenoni, hutoa tangazo kinyume: hapa pamejaa, tafuta kwingine. Huko Amerika hutundika vifuko vya vabenoni kwenye miti ya thamani. Vinaulinda mti bungua wakiwa wachache. Wakati wa wimbi kubwa hupuuzwa kama kibao cha "usitupe taka hapa".

Na usifikiri utomvu wa paini ni mmoja. Pinus jeffreyi ya California karibu sehemu yake yote nyepesi ni heptani, kitu kilichomo ndani ya petroli. Wachemshaji wa tapentaini wa karne ya 19 waliochanganya utomvu wake na mwingine walilipukiwa na mitambo. Bungua wengi hawaugusi, ila yuko mmoja aliyeuzoea, na anaishi juu yake. Paini nyingine huwa na estragoli, inayomfukuza bungua wa kusini mwa Marekani. Kemikali hiyo imo pia kwenye baadhi ya mirehani. Mteja mmoja aliposikia hivyo akauliza kama apande mirehani katikati ya mistari. Hapana, dada yangu. Itakunukishia nguo, miti haitajua.

Cha kufanya, ukisubiri mtaalamu:

Weka alama ya rangi kwenye miti yote ya ukingo wa kikundi, na tarehe. Wiki ijayo utajua kama mstari umesogea.

Usikate mti wenye unga na kuulaza humohumo shambani ukiwa na gome. Gogo bichi ni karamu. Mti ulioshambuliwa ukikatwa, ubanduliwe gome, na gome lichomwe kwa kibali na kwa uangalizi, au magogo yatolewe haraka. Kwa sababu hiyohiyo, ukipunguzia shamba usiache mabaki manene yamelala kiangazi kizima.

Usinunue dawa ya wadudu ya kupuliza. Naulizwa hili kila wiki. Bungua akishakuwa chini ya gome, dawa ya nje haimfikii. Utaua nyuki na siafu, na fedha itakuwa imeungua. Na kijana atakayebeba pampu bila kinga ndiye atakayelipa gharama nyingine.

Mahali pa kuacha kazi kabisa na kuita mtaalamu: mti uliokufa ukiwa umemwegemea mwenzake, mti wenye kilele kikavu juu ya njia, au kazi yoyote ya msumeno wa mnyororo juu ya mbao zilizokauka. Huo ni mtego unaoua wakataji wazoefu. Kumbuka pia kuwa shina lililoloa utomvu huwaka kama mwenge. Peleka taarifa kwa afisa misitu wa wilaya au ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) iliyo karibu. Wao ndio wenye njia ya kuwafikia watafiti wa TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, kule Morogoro. Wapelekee mdudu mwenyewe kwenye kichupa cha spiriti na kipande cha gome chenye njia zake. Ramani ya njia za chini ya gome humtambulisha bungua kama mwandiko unavyomtambulisha mtu.

Dalili ya 5: Tatizo limeanzia Dar, kwenye ubao

Ubao una michirizi ya bluu au kijivu. Mara nyingi ni kuvu ya bluu iliyoingia baada ya kupasuliwa, mbao zikiwa mbichi na kubanwa pamoja kwenye lori, kisha zikashushwa kwenye joto na unyevu wetu. Mara chache kuvu hiyo ililetwa na bungua mti ukiwa hai. Bungua wengi hutembea na kuvu za namna hii, na mojawapo, Grosmannia clavigera, huistahimili sumu ya tapini na hata kuifanya chakula. Kwa vyovyote vile, inakula sukari za mbao na kuziacha nyuzi zake karibu kama zilivyo. Kenchi haitaanguka kwa sababu ya bluu. Kanada waliishia kuziuza mbao hizo kama pambo, wakizifananisha na kitambaa cha jinzi. Pima kwa kisu: kikizama kirahisi kama kwenye keki, huo ni uozo, si bluu, rudisha ubao. Mbao mpya zipange na vijiti katikati, hewa ipite, zisilale sakafuni.

Ubao una vitundu. Kama vilikuwapo siku ya kununua na havitoi unga mpya, aliyevitoboa hayupo. Bungua wa gome hawezi kuishi kwenye ubao uliopasuliwa na kukauka, maana chakula chake ni gome bichi la ndani. Hatahamia kwenye kabati lako. Fagia, weka karatasi nyeupe chini, subiri wiki mbili. Unga laini ukirudi, ni bungua wa mbao kavu. Ukikuta vichembe vigumu vidogo kama uwele, ni mchwa wa mbao kavu, na huyo anaupenda sana mji wa pwani. Akiwa kwenye kiti, choma kiti. Akiwa kwenye kenchi, usipande darini na kijiti kutoboatoboa. Mwite fundi wa paa pamoja na mtu wa kudhibiti wadudu mwenye leseni.

Utomvu unapenya rangi. Hili ndilo lalamiko langu kubwa pale Buguruni, na mafundi wa Keko wanalijua vizuri. Mlango umepakwa rangi nyeupe, baada ya miezi miwili kila kifundo kina duara la njano linalonata. Si rangi mbovu. Ni ile sehemu nyepesi iliyobaki ndani ya ubao, ikipashwa joto inailainisha ile nzito na kuisukuma nje. Utomvu hutulia ubao ukikaushwa kwenye tanuri lenye zaidi ya nyuzi joto 70, na mbao nyingi za mitaani zimekaushwa na jua tu. Sababu nyingine ni kifundo chenyewe, kwa kuwa mti hulimbikiza utomvu pale tawi lilipokuwa, na mara nyingine mfuko mzima wa utomvu umefichwa kwenye ubao uliotoka kwenye mti uliojeruhiwa.

Usipake koti jingine juu, litapenya tena. Kwangua mpaka kwenye mbao. Pasha kifundo joto kwa kikaushio cha nywele mpaka kitoe jasho, ufute kwa kitambaa chenye tapentaini au spiriti, urudie mpaka kisitoe. Usitumie moto wa wazi, na kitambaa chenyewe kitandaze nje kikauke, usikikunje ukakitupa stoo. Kikishakauka, paka shelaki mara mbili kwenye kifundo na pembezoni mwake, ndipo rangi ifuate. Kama mfuko wa utomvu ni mkubwa kuliko kidole, chonga utoke wote, uzibe kwa kipande cha mbao kikavu.

Anza ukaguzi na madirisha na milango inayotazama magharibi. Jua la saa kumi jioni huwa limeshaitoa jasho kabla nyingine haijaanza.